Kitanda cha Mgeni Kiko Wapi?

Jumapili iliyopita Mchungaji alituhubiria kutoka Mwanzo 18, Ibrahimu na wale wageni watatu pale Mamre. Tulisema amina, na mimi nikiwemo. Lakini nilirudi nyumbani na swali ambalo halijaniacha wiki nzima. Swali lenyewe linaanzia mbali kidogo, Marekani, tena kwenye magari. Nivumilieni.

Wengi wenu mnanijua, mimi ni fundi wa mbao. Kabati za jikoni, milango, vitanda, hiyo ndiyo kazi yangu. Mdogo wangu naye ni fundi, lakini yeye yuko jimbo la Indiana, karibu na mji wa Elkhart. Eneo hilo ndilo linatengeneza sehemu kubwa ya magari ya nyumba ya Marekani, na kazi yake ni kufunga kabati ndani ya yale makubwa. Sizungumzii yale matrela madogo ya kuvutwa na gari. Nazungumzia kitu kama basi zima, futi 45, ndefu kushinda mabasi mengi ya kwenda Mombasa, injini ya dizeli iko nyuma, na ndani ni nyumba kamili. Akitoka kazini saa nane mchana kwao, kwetu ni saa tatu au saa nne usiku. Ananipigia WhatsApp, na kwa sababu sote ni mafundi hatuongei siasa. Ananionyesha droo.

Anasema zamani wateja walitaka mbao nyekundu iliyokolea, imepigwa vanishi mpaka unajiona uso. Sasa hiyo imepitwa na wakati. Wanataka kijivu, nyeupe, mbao nyepesi isiyong'aa, milango ya kabati iliyonyooka bila mapambo. Sakafu ni ya vigae na chini ya vigae kuna nyaya za kupasha joto miguu. Gesi inaondolewa, mapishi ni ya umeme, na umeme unatoka kwa betri za lithiamu na paneli za sola juu ya paa. Mashine ya kufua iko, ya kuosha vyombo iko, televisheni nyingine imefungwa nje ubavuni mwa gari ili watu watazame wakiwa wameketi kivulini. Na jambo lililonishangaza mimi kama fundi ni hili: gari likishasimama, ukuta mzima unasukumwa nje kwa mota, kama vile droo inavyotoka kwa kabati, pamoja na kiti au jiko lililofungwa hapo. Kampuni ya Newmar ya huko Indiana ndiyo ilianzisha mtindo huo kwa magari hayo karibu mwaka wa 1990. Leo gari kubwa linaweza kuwa na kuta nne za namna hiyo. Sebule inapanuka ukiangalia.

Bei? Yale ya juu kabisa, yanayojengwa ndani ya basi la Prevost kutoka Kanada, yanapita dola milioni 2. Kwa hela yetu ni zaidi ya shilingi milioni 250. Na kwa kuwa huwezi kuingiza chombo cha ukubwa huo sokoni kununua nyanya, wenyewe wengi wanavuta gari dogo nyuma yake. Hapo mke wangu alicheka mpaka akaketi.

Basi usiku mmoja nikamuuliza mdogo wangu swali la kawaida la fundi. Hilo gari linalaza watu wangapi? Akasema wawili.

Nilidhani network imekatika. Nikarudia. Akasema wawili, labda wanne ukilazimisha. Kumbe gari la bei ya chini, lile la familia changa, ndilo lina vitanda vya ghorofa, kitanda juu ya dereva, meza inayokunjwa ikawa kitanda, na watu wanane wanalala. Kadiri bei inavyopanda ndivyo vitanda vinavyopungua. Wanaonunua yale makubwa kwa kawaida ni mume na mke waliostaafu, watoto wameshaondoka. Wanataka kitanda kipana ambacho unaweza kukizunguka pande zote, chumba cha nguo, na mahali palipokuwa na kochi la kugeuka kitanda wanataka viti viwili vya kuegemea vinavyotazama televisheni. Mengi siku hizi yana vyoo viwili. Vyoo viwili, kitanda kimoja, hiyo hesabu bado naifanyia kazi. Wenyewe wana utani wao, kwamba gari zuri linanywesha sita, linalisha wanne, linalaza wawili.

Sasa najua kuna mahubiri mepesi ya kuhubiri hapa. Yule tajiri wa Luka 12 aliyebomoa maghala yake ajenge makubwa zaidi, kisha usiku huo huo roho yake ikadaiwa. Tungepiga makofi na kuwahukumu Wamarekani, twende nyumbani tukiwa tumeridhika. Siwezi. Kwanza Ibrahimu mwenyewe hakuwa maskini. Mwanzo 13 inasema wazi alikuwa na mifugo, fedha na dhahabu. Naye pia aliishi kwa nyumba ya kuhamahama. Pili, hao wazee wa magari si watu wabaya. Wamefanya kazi miaka arobaini. Wako hata wapendwa wenzetu: kanisa la Assemblies of God la Marekani lina huduma ya watu wa kujitolea wanaosafiri na magari yao ya nyumba, wanaegesha kwenye uwanja wa kanisa na kusaidia kujenga na kukarabati. Nani atawanyooshea kidole?

Na kuna jambo lingine linalonifunga mdomo. Pale Indiana, wengi wa mafundi katika viwanda hivyo ni Waamishi. Hawa ni Wakristo ambao kanisa lao haliwaruhusu kumiliki gari. Nyumbani wanatumia farasi. Kazini wanafika kwa baiskeli, ama wanabebwa na dereva wa kukodi. Halafu mikono hiyo hiyo ndiyo inafunga kabati za gari la dola milioni. Nilimuuliza mdogo wangu kama hawaoni ajabu. Akasema yeye hajawahi kuwauliza, nao hawajawahi kumuuliza mbona aliacha mama Kenya. Tulinyamaza kidogo.

Lakini Waamishi hao pia wanapanua nyumba. Wazazi wakizeeka, wanawaachia watoto nyumba kubwa, kisha nyumba ndogo inajengwa ubavuni, wazee wanaingia humo. Fundi yule yule. Asubuhi anafunga ukuta wa kusukumwa nje ili watu wawili wanyooshe miguu, jioni anapigilia misumari kwenye chumba cha nyanya yake. Na katika 2 Wafalme 4 kuna yule mama wa Shunemu, tajiri, aliyemwambia mumewe waongeze chumba kidogo juu kwa ajili ya Elisha. Biblia inataja hata vyombo vilivyowekwa ndani: kitanda, meza, kiti na taa. Mimi kama fundi napenda sana mstari huo, maana ni kama oda ya mteja.

Kwa hiyo kupanua si dhambi. Ninachouliza ni nani alikuwa akilini mwako ulipokuwa unachora.

Nafikiri hapo ndipo penye jambo. Uchoyo wetu mara nyingi hauko mlangoni. Mlangoni sisi ni wazuri, tunakumbatiana, karibu sana, ulisafirije. Uchoyo uko kwa ramani, miaka mitatu kabla mgeni hajafika. Ukishachora nyumba isiyo na kitanda chake, hutahitaji kumkataa. Utasema pole, hakuna nafasi, na utakuwa unasema kweli. Mwenye gari la futi 45 akipigiwa simu na mtoto wa dadake hana haja ya kuwa mkali. Gari limeshajibu. Hata Luka hatuambii kwamba kuna mtu yeyote kule Bethlehemu aliyekuwa mkatili. Nafasi tu haikuwepo.

Sasa nitasema yangu, maana ningeishia Marekani ningekuwa mnafiki.

Tulipokuwa kwa ploti, vyumba viwili vya mabati, tulilala watu tisa. Binamu kutoka nyumbani, dada ya mke wangu, fundi mwenzangu aliyefungiwa nyumba kwa sababu ya kodi. Pazia moja katikati. Mungu alipotubariki tukajenga, ramani nilichora mwenyewe. Vyumba vinne. Chetu, viwili vya wasichana, na cha nne nikaandika "ofisi". Kina meza ya kuchorea na sampuli za mbao ukutani. Nyumba kubwa mara nne, watu wanne.

Mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alipata nafasi katika chuo cha ufundi hapa mjini. Alikuja na begi. Alikaa sebuleni na hilo begi miguuni, akinywa chai polepole. Alikuwa anangoja niseme mahali pa kuliweka. Nikamwambia habari njema: nitamlipia bedsita, elfu tano kwa mwezi, karibu na chuo. Akasema asante mjomba. Nilijisikia mkarimu sana siku hiyo.

Je, nilikosea? Nimejitetea wiki nzima, na utetezi wangu si wa bure. Kijana ana ufunguo wake. Hakuna wa kumuuliza anarudi saa ngapi. Hatugombani juu ya maji ya moto. Tena kuna jambo sisi wanaume hatupendi kusema tukihubiri Mwanzo 18: Ibrahimu alikimbia huku na huku, lakini aliyekanda vipimo vitatu vya unga ni Sara. Mke wangu aliniambia zamani tukiwa kwa ploti, "Wewe unakaribisha, mimi ndiye napika." Hakuwa anatania. Wale watu tisa wa zamani ninaowasifu leo, sikuwafulia shuka mimi. Kwa hiyo mtu akiniambia kulipa kodi ya mgeni ni ukarimu wa siku hizi, unaomwachia kila mtu heshima yake, sitamwita mwongo. Elfu tano kila mwezi ni pesa, na inatoka.

Lakini zamani kijana huyu alikuwa anakuja kwetu bila sababu. Shule ikifungwa anatokea tu, anafungua sufuria jikoni, anauliza kuna nini. Siku hizi anapiga simu kwanza. Anauliza kama tuko. Akija Jumapili baada ya ibada anakaa kwenye ncha ya kochi, anakula, anashukuru, na saa kumi anasema wacha niwaache mpumzike. Amekuwa mgeni mwenye adabu nzuri kabisa. Mama yake angemwona hivyo nyumbani kwangu sijui angeniambia nini. Hilo sikulinunua kwa makusudi, lakini nililinunua, na nafikiri nililinunua siku nilipoandika lile neno "ofisi".

Kule Marekani kuna kambi za magari haya ambazo hazipokei gari lililozidi miaka kumi, na nyingine zinapokea yale makubwa tu. Nilipoambiwa nilisema wazungu wana mambo. Kisha nikakumbuka vikombe vyetu, vile vya kabati ya kioo, na nani huwa anatolewa chai navyo.

Jumanne nilizungumza na mke wangu, safari hii kabla ya kumkaribisha mtu. Nilimwambia shuka nitafua. Alinitazama kwa muda, akasema sawa, lakini ataandika mahali. Jumatano nikamtumia kijana ujumbe kwamba chumba kipo, akitaka. Akajibu, "Asante mjomba, niko sawa tu huku." Nimeusoma huo ujumbe mara nyingi kuliko inavyostahili. Pengine ako sawa kweli. Pengine anaogopa kutusumbua, na kama anaogopa, mimi ndiye nilimfundisha.

Jana jioni nilipima ukuta hata hivyo. Kitanda cha tatu na nusu kwa sita kinaingia vizuri chini ya dirisha, na meza, na kiti. Taa tayari iko. Mke wangu alisimama mlangoni na kuniuliza hizo sampuli zote nitazipeleka wapi.