Mwenye Mti na Mwenye Udongo

Huku kwetu Bushi, Kivu ya Kusini, anayelima shamba la bwasa anapanda maharagwe na viazi vitamu, miti, hapana. Bwasa ni mapatano ya muda. Kalinzi ndiyo haki ya kudumu: mtu alitoa ng'ombe kwa mkubwa wa udongo, na watoto wake wanarithi.

Wengi wanasema katazo hilo ni choyo tu. Sisi tunauliza kwanza: mkaratusi ni mti wa namna gani? Maharagwe yakivunwa, mambo yameisha. Lakini mkaratusi, tuseme ile saligna ya shina refu, ukiukata, kisiki kinachipuka tena: fito, kisha nguzo za nyumba, nyuma mbao (na ile mbao ikikauka mbio inapasuka na kujipinda, maseremala wanajua). Sasa mavuno ya mwisho iko wapi? Aliyepanda atasema: kisiki ni changu. Mwenye udongo atajibu: mizizi inakunywa shamba langu. Wote wawili wanasema kweli.

Lakini mama wa bwasa apikie nini? Kumkatalia mti ni kumtuma sokoni kununua makala. Tunaona jasho lake lilipwe kwa mikato, si kwa udongo: wapatane mbele ya mashahidi, mikato miwili ao mitatu, kisha kisiki kirudi kwa mwenye shamba. Kando ya chemchem asipande yeyote, hata mwenye kalinzi, maana wanaochota pale hawakuulizwa.