Mstari wa Buluu

Mto usio na maji waweza kuitwa mto? Swali hili halimsumbui mtu akaaye kando ya Rufiji; lakini katika uwanda wa Dodoma, ambako mvua hunyesha baina ya Desemba na Aprili na aghalabu hazifiki milimita 600 kwa mwaka, lamkabili kila ashikaye ramani.

Ofisi ya upimaji wa makoloni, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1946, ilichora nchi hii kwa picha zilizopigwa angani, kwa kipimo cha moja kwa elfu hamsini. Katika ramani za namna hiyo mto wa msimu hupewa mstari wa buluu uliokatikakatika. Wako wauonao mstari huo kuwa unyonge wa mchoraji. Mimi naona ndipo aliposema kweli zaidi. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Kinyasungwe na Mkondoa zilifurika zikaharibu reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe. Ukavu wa mto si ushahidi kwamba mto haupo.

Lakini picha ya angani huona mchanga tu. Maji yaliyo chini yake haiyaoni. Mfugaji wa Kigogo huyajua. Kiangazi huchimba kisima katikati ya mto, akakizungushia miiba, akanywesha ng'ombe wake. Je, mpimaji ana haki ya kukitia kisima hicho katika ramani? Akikitia, amempa mgeni ufunguo wa nyumba isiyo yake. Akikiacha, nchi huonekana tupu, na nchi ionekanayo tupu haikosi mdai. Tulikwisha kuyaona hayo Kongwa: mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulipangwa na wageni waliozuru nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukaachwa mwaka 1951, baada ya ukame na udongo mgumu kuushinda.

Hata hivyo, waliokwenda Kongwa hawakuponzwa na uchache wa alama katika karatasi. Wenyeji walikuwapo, na mvua zao walizijua. Hawakuulizwa vya kutosha. Kwa hiyo ningemwambia mpimaji autie mto, na jina lake kama wenyeji walitamkavyo, lakini kisima akiombee ruhusa, na akinyimwa akiache. Tena mvua ya Desemba hukifukia, na mwaka wa pili mwenyewe huchimba mahali pengine.