Nate alisamehewa kirahisi mno?

Walioangalia Ted Lasso, tamthilia ya kuchekesha ya timu ya AFC Richmond ya London iliyoanza 2020, wanabishana kuhusu Nate. Kocha Ted alimtoa kwenye kutunza vifaa akamfanya kocha msaidizi. Yeye akavujisha siri ya Ted kwa mwandishi, akahamia West Ham. Halafu anasamehewa tu? Wengi wanaona si haki.

Mimi naona haki ipo. Nate hakurudishiwa ukocha mara moja. Alirudi kuwa msaidizi wa mtunza vifaa. Ndivyo Kitubio kilivyo: msamaha ni bure, lakini malipizi yapo. Mwana mpotevu naye alirudi tayari kuwa kibarua, ila baba alimkimbilia angali mbali. Wewe je, unasubiri nani astahili kwanza?