Kosa la Mmoja, Mzigo wa Wote? Juu ya Uongozi wa Wanafunzi Katika Enternati

Kuna methali tunayosikia kila juma ku masomo: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mkubwa wa nidhamu anaisema asubuhi mbele ya mistari ya wanafunzi, kisha anatoa azabu kwa bweni zima. Sisi wa Uvira tuko watu wa samaki, basi tunaweza kuipima methali hii kwa macho yetu. Nenda Kalundu asubuhi, wakati mitumbwi inarudi, uangalie wamama wanavyochagua ndagala. Hakuna mama anayemwaga beseni nzima juu ya mmoja aliyeoza. Anamtoa yule, anaanika wengine, na anawageuza mara mingi ili jua liwafikie wote. Ni kweli, uoza unaambukiza. Lakini methali haisemi kwamba wazima wapigwe kwa ajili ya aliyeoza. Inatuonya tu tuangalie beseni mapema.

Hapo ndipo swali letu linaanza. Katika enternati, fasi watoto wanalala, wanakula na wanasoma pamoja mbali na wazazi, nani anajibu kwa kosa la mmoja? Na kiongozi wa wanafunzi, tuseme doyen wa shule ao mkubwa wa bweni, anajibu kwa nani: kwa wale waliomweka, ao kwa wenzake?

Tutaeleza jambo tuliloliona wenyewe. Mwaka wetu wa kwanza wa kazi tulikuwa walimu wa zamu katika shule moja ya kando ya ziwa. Siku moja nusu gunia ya unga wa muhogo ilipotea depo. Bweni zima likapigishwa magoti kwenye changarawe na kunyimwa chakula cha jioni mpaka mwizi ajulikane. Mkubwa wa bweni alipewa karatasi aandike majina. Siku ya kwanza hakuandika. Siku ya pili njaa ilikuwa imewashika wote, na minong'ono ikaanza: "Ni bale, banajulikana." Siku ya tatu karatasi ilikuwa na jina moja, la mtoto wa kalasi ya tatu, ambaye katika bweni lile alikuwa peke yake wa jamii yake. Alifukuzwa. Sisi tulikuwa pale na hatukusema kitu, juu tulikuwa wapya na tuliogopea kazi yetu. Kisha juma mbili ikajulikana kwamba unga uliuzwa na mtu mzima aliyeshika ufunguo. Barua ya kumwita mtoto iliandikwa. Hakurudi.

Watoto wale wa bweni hawakuwa wabaya. Wengi walikuwa marafiki zake, walicheza naye mpira jioni. Lakini azabu ya wote iliwafundisha somo moja: ukitaka kula, tafuta mtu wa kutoa. Na katika inchi yetu tunajua somo hilo linafika wapi. Mtu mmoja anakosa, na watu hawaulizi jina lake, wanauliza kabila lake. Tangu vita ya 1996, katika bonde la Ruzizi na milimani juu ya Uvira na Fizi, ni watu wangapi wamejibu kwa kosa la mtu ambaye hawakumjua hata sura? Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Wanyamulenge, Warundi, kila jamii inaweza kuhesabu wafu wake wa namna hiyo.

Fasi zingine mkubwa wa bweni anaitwa bado kapita. Jina hilo tulilirithi. Wakati wa Leopold II, na nyuma yake wakati wa Wabelgiji, kapita alikuwa msimamizi wa watu wa kazi: anahesabu vichwa, anaangalia mpira wa porini umetimia, anamwambia mzungu nani amekosekana. Hakuwekwa na wale aliowasimamia, na hawakuweza kumtoa. Tukimpa mtoto wa miaka 17 karatasi ya majina, tunamvalisha kanzu ile ile.

Wazee wetu walikuwa na mfano mwingine. Kwa Wabembe, lubunga ni fasi ya wanaume kukutana na kuzungumza. Pale walikula pamoja, na neno la mmoja lilisemwa mbele ya wote. Jirani zetu wa Burundi nao wana bashingantahe. Mushingantahe hawekwi kwa siri: anaangaliwa wakati mrefu, kisha anaapishwa mbele ya watu, na fimbo ya intahe inamkumbusha kusema kweli, hata mbele ya mwenye mamlaka. Hatusemi kwamba yote ya zamani yalikuwa mazuri. Lubunga ilikuwa ya wanaume, na leo tunalea wasichana pia. Lakini jambo moja tunapashwa kulichukua: anayeshitakiwa yuko pale, anasikia, na anajibu.

Ng'ambo ya ziwa, katika milima ya Bururi, kuna seminari ndogo ya Buta. Asubuhi ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia katika bweni, wakaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Walikataa. Walikufa vijana 40. Mwezi mmoja na zaidi mbele yake, Machi 1997, wanafunzi wa sekondari ya Nyange, Rwanda, waliamriwa vile vile, wakakataa vile vile, na wengine wao wakafa. Padri Zacharie Bukuru, aliyekuwa mkubwa wa Buta, ameandika juu ya vijana wake. Tunajifunza kwake kwamba umoja ule haukuzaliwa asubuhi ile. Katika vita iliyoanza 1993, walikuwa wamezoea kuzungumza wazi juu ya hofu zao, kabila zote pamoja.

Hatulinganishi unga na damu. Lakini ombi lilikuwa la namna moja: mtoe mwenzenu, ninyi mtapona. Vijana wa Buta walikuwa wamezoezwa kukataa. Sisi katika bweni lile tulikuwa tunawazoeza watoto kukubali.

Basi daraka la pamoja lina namna mbili, na mara mingi tunazichanganya. Ya kwanza ni kubeba kosa la mwenzako, upigwe kwa lile hukutenda. Hiyo si haki, hata ikileta kimya bwenini. Ya pili ni kumbeba mwenzako mwenyewe: akikosa, umwambie; akishitakiwa, usimwache peke yake; akiwa na hatari, uite watu.

Wengine watatujibu: bila azabu ya wote, watoto wanafichana. Ni kweli, wanafichana, na kuficha si undugu. Mkubwa wa bweni anapashwa kusema, tena upesi, kama wakubwa wanapiga wadogo ao kama mtu anaharisha usiku, maana kipindupindu cha Uvira hakingoji asubuhi. Lakini kusema ili kuokoa mtu ni jambo moja, na kutaja mtu ili kuokoa tumbo lako ni jambo lingine. Watasema tena: doyen mwenye huruma atapandwa kichwani. Shuleni Tabora, kule reli ya Kigoma inakopita, walimu walimpendekeza Julius Nyerere awe kiranja mkuu. Mkubwa wa shule alikataa, kwa kuona ana huruma kupita kiasi. Mtoto yule ndiye aliyeongoza Tanzania mpaka 1985.

Tunaomba mambo matatu katika enternati zetu. Doyen na wakubwa wa mabweni wachaguliwe na wanafunzi wenyewe, na waweze kutolewa. Ufunguo wa depo usiwe wa mtu mmoja: wanafunzi wawili wahesabu chakula pamoja na msimamizi kila juma, na hesabu isomwe mbele ya wote. Na kosa likitokea, bweni likae chini lizungumze, mshitakiwa akiwa ndani, pasipo karatasi ya siri. Hayo hayaombi franga.

Na sisi walimu tuanze na sisi wenyewe. Yule mtoto wa kalasi ya tatu leo ni mtu mzima. Siku tutakapokutana naye njiani, hatutaweza kumwambia kwamba si sisi tulioandika jina lake. Aliyeandika alikuwa mtoto mwenye njaa. Sisi tulikuwa tumekula, na tulinyamaza.