Dondoo la Ua, Dondoo la Kitabu

Neno "dondoo" lina kazi mbili kwetu. Mhakiki hutoa dondoo kitabuni, na mtengeneza vipodozi hutoa dondoo la ua. Juzi mama mdogo alinipa kikopo cha krimu kutoka Ulaya, chenye picha ya mlima uliojaa maua ya zambarau. "Hebu nisomee mwanangu, hili ua linafanya kazi gani?"

Ua lenyewe ni la Calluna vulgaris, kichaka kifupi kinachofunika milima ya Uskoti. Jina Calluna limetoka kwenye kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kufagia na pia kupendezesha, kwa sababu matawi yake yalikuwa yakifungwa kuwa mafagio. Na kazi yake kwenye krimu? Orodha ya viambato ya Umoja wa Ulaya inasema ni kutunza ngozi, yaani kuiweka ngozi katika hali nzuri. Basi! Ni kama umuulize mtu ugali ni nini, akujibu ni kitu kinacholiwa.

Halafu angalia lilipokaa. Kwa sheria ya Ulaya ya mwaka 2009, viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi, ila vilivyo chini ya asilimia 1 hupangwa vyovyote. Kihifadhi kiitwacho fenoksiethanoli hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1, na ua liliandikwa nyuma yake. Kwa hiyo nalo halizidi hapo. Mbele kabisa yako maji na glisarini. Glisarini ndiyo inayoshika unyevu kwenye ngozi, lakini haikupigwa picha.

Je, mama mdogo amedanganywa? Ua limo kweli. Kuna kisa cha Askofu Athanasio wa Aleksandria, karne ya 4, akikimbia kwa mashua katika mto Nile. Waliomsaka wakamkuta bila kumtambua, wakauliza Athanasio yuko wapi. Akajibu: hayuko mbali. Wakapiga makasia wakapita. Wengi humsifu kwamba alijiokoa bila kusema uongo. Sawa, lakini yeye aliwapoteza watu waliotaka kumdhuru. Mama mdogo hakumfukuza mtu. Alikwenda dukani na pesa yake na imani yake.

Ningeishia hapo kama mimi ningekuwa msafi. Rafiki yangu aliwahi kuniomba maneno ya kuweka kwenye jalada la riwaya yake. Kitabu kilinichosha, ila sura moja ilieleza mvua vizuri ajabu. Nikaandika kuhusu ile mvua tu. Kila neno nililiamini. Baadaye msomaji mmoja akaniambia alikinunua kwa sababu yangu, na aliishia ukurasa wa 40.

Ningeweza kuandika, "Sura ya mvua ni nzuri, nyingine zinahitaji subira." Rafiki asingeichapa, nami nilijua. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwamba nilisema kweli. Nilichagua ukweli uleule ambao ungemfanya msomaji aamini nisichoamini mimi.

Nikamwambia mama mdogo: ua limo, ila kidogo sana, kinachokusaidia ni glisarini. Akakigeuza kikopo. "Sasa mbona hawakuichora hiyo glisarini?"

Nikacheka naye, ila nilikuwa nafikiria lile jalada.