Uvumilivu na Ukimya

Katika kusifu tabia njema, uvumilivu hatuuachi nyuma. Tumelelewa kwa methali isemayo mvumilivu hula mbivu, nayo ni ya kweli, kwani mkulima asiyesubiri havuni. Lakini yatupasa kujiuliza: je, kila anyamazaye anavumilia? Na avumiliaye bila kutibiwa, anangoja tunda gani?

Tumfikirie msichana ambaye kila mwezi hukosa shule siku mbili tatu kwa maumivu makali ya hedhi. Huambiwa kwamba hiyo ndiyo hali ya wanawake, na kwamba akizaa yatakwisha. Huenda ana maradhi yaitwayo endometriosisi. Ndani ya mji wa mimba mna utando. Katika maradhi haya, tishu zinazofanana na utando huo huota nje yake, penye vifuko vya mayai, mirija ya uzazi au utumbo. Homoni za mwili huzichochea, zikaleta uvimbe, makovu, na pengine utasa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa maradhi haya huwapata karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Tiba ya kuyamaliza kabisa haijapatikana. Hata hivyo, dawa za homoni huyatuliza, na mpasuaji aweza kuziondoa tishu hizo kupitia matundu madogo tumboni, ingawa huweza kurudi.

Mtangazaji wa Kenya, Njambi Koikai, yalimfika hadi mapafuni, akapasuliwa mara nyingi. Aliyaeleza hadharani kwa miaka mingi, hata alipofariki mwezi Juni 2024. Je, alikosa uvumilivu? Hasha! Alivumilia kisu, alichokataa ni ukimya.

Wako watakaosema kuwa hedhi ni siri, na kwamba utamaduni wetu hauruhusu kuitaja. Sivyo. Katika unyago mwari alikuwa na kungwi wa kumfunza na kumsikiliza mambo hayo bila kuona haya. Na wahenga walinena: mficha uchi hazai. Tukiishika siri na kumwacha kungwi, tumeshika nusu ya mila, tena nusu isiyosaidia.

Basi, uvumilivu na usifiwe kwa lile lisiloondoka. Kumtaka mtu avumilie linalotibika si kumfunza adabu, bali ni kumdhulumu. Na kwa kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wa kwanza kusadikiwa juu ya maumivu ni yule anayeumwa.