Beji Kwenye Kanzu ya Askofu

Kwa miaka mingi Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa katika kamati kuu ya MRND, chama pekee kilichoruhusiwa Rwanda enzi za Rais Juvénal Habyarimana. Alikuwa mtu wa ikulu, na inasimuliwa kwamba alivaa beji yenye picha ya Rais juu ya kanzu yake. Alijitoa kwenye kamati hiyo kwa shinikizo la Roma, muda si mrefu kabla ya Papa Yohane Paulo II kuizuru nchi hiyo Septemba 1990.

Itakuwa rahisi mno kumtupia mzigo wote yeye peke yake. Alirithi mazoea. Askofu Léon Classe aliwashauri wakoloni wa Kibelgiji watawale kwa kuwategemea machifu wa Kitutsi, na mwaka 1931 mfalme, Mwami Musinga, aliyekataa ubatizo, alipong'olewa kitini, Kanisa lilifurahia. Miaka ya 1950 upepo ukageuka, na wamisionari wengi wakawaegemea viongozi wapya wa Kihutu. Grégoire Kayibanda, aliyekuja kuwa rais, alikuwa amehariri Kinyamateka, gazeti la Kanisa. Kanisa lilihama upande, lakini ujirani wake na kiti cha mtawala haukuhama.

Ujirani huo ulikuwa na matunda yanayoonekana: shule, hospitali, viwanja, mialiko. Ulikuwa na gharama pia, nayo haikuandikwa kwenye daftari lolote la parokia. Wanafunzi waliandikishwa kwa kabila na nafasi za sekondari zikagawanywa kwa uwiano wa makabila, hata katika shule za Kanisa. Mwaka 1973 vijana wa Kitutsi walifukuzwa mashuleni. Wachungaji waliozoea kuketi na wakubwa hawakupaza sauti ya kutosha.

Mafundisho yalikuwepo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, namba 76, ulisema Kanisa halifungamani na mfumo wowote wa siasa, kwa sababu kazi yake ni kulinda hadhi ya mtu. Ukaongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka: Kanisa litaziacha hata haki lilizozipata kihalali, iwapo kuzitumia kunatia shaka juu ya unyofu wa ushuhuda wake. Kanoni ya 287 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo inawakataza wakleri kushiriki kwa vitendo katika vyama vya siasa, isipokuwa mamlaka ya Kanisa ione kwamba ulinzi wa haki zake au manufaa ya wote yanadai hivyo. Naiogopa hiyo "isipokuwa". Kila aliyealikwa mezani huweza kujiambia kwamba anakula kwa manufaa ya wote.

Desemba 1991 onyo lilitoka ndani ya nyumba. Mapadre wa jimbo la Kabgayi pamoja na askofu wao, Thaddée Nsengiyumva, walitoa barua iliyokiri waziwazi kwamba Kanisa la Rwanda lilikuwa gonjwa, na lilihitaji kutubu. Muda ulikuwa umebaki mchache.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, maaskofu waliomba watu wote walindwe. Lakini waliahidi pia kuiunga mkono serikali mpya, ile ile iliyokuwa ikiongoza mauaji. Watutsi walikimbilia makanisani, kama walivyofanya miaka ya nyuma na kupona. Safari hii makanisa yakawa machinjio. Huko Nyange, tarehe 16 Aprili, kanisa lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu wapatao 1,500. Padre wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alishtakiwa katika mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, na mwaka 2008, kwenye rufaa, akahukumiwa kifungo cha maisha. Maaskofu Vincent na Thaddée Nsengiyumva waliuawa pamoja huko Gakurazo, Juni 1994, na askari wa RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali hiyo.

Wapo waliosimama. Félicitas Niyitegeka, mlei Mhutu aliyeitumikia nyumba ya Kanisa huko Gisenyi, aliwaficha Watutsi. Ndugu yake, afisa wa jeshi, alimtaka aondoke ajiokoe. Akakataa kuwaacha, akauawa pamoja nao. Yeye hakuhitaji tamko la baraza lolote ili ajue afanye nini.

Machi 2017 Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na za watu wake, wakiwemo mapadre na watawa walioangukia chuki. Ombi hilo la msamaha lilikuja miaka 23 baada ya mauaji.

Kenya ya leo si Rwanda ya 1994, na sitaki yeyote anisome hivyo. Lakini ninaposikia mwamini akiuliza kwa nini Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alirudisha fedha za Rais William Ruto, barua ya Kabgayi hunijia akilini. Novemba 2024 Rais alifika kanisa la Soweto, Kahawa West, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na kikundi kingine cha parokia, milioni 2 kwa nyumba ya mapadre, na ahadi ya milioni 3 zaidi pamoja na basi. Siku chache kabla, maaskofu walikuwa wameikemea serikali kwa utamaduni wa uongo. Anyolo akaamuru fedha zirudishwe, na 200,000 za Gavana Johnson Sakaja pia, akasema Kanisa lisitumiwe kisiasa.

Kwa parokia ya kawaida, milioni 2 ni fedha nyingi. Waamini wa Soweto walipoteza kitu halisi, na mzigo wa nyumba ile ukarudi kwenye sadaka za watu ambao wengi wao hawana mshahara wa uhakika. Lakini Jumapili iliyofuata padre wao angeweza kuhubiri juu ya kodi, rushwa na vijana waliotekwa nyara bila kutazama ni nani ameketi kiti cha mbele.